Mizani ya Kupimia Khabari za Ajabu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo wazi. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwatoa watu katika giza la ujinga na kuwatia katika nuru ya ilimu, na ziwafikie Ali zake na Sahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu wasomaji, somo la safari hii ni la mambo ambayo kila mmoja wetu ameyasikia tangu utotoni mwake: khabari za majini na mizuka, za vibwengo na mashetani ya mibuyuni, za maiti aliyeonekana sokoni, na za ndoto aliyoota mtu wa mbali akaamrishwa kuwaonya walimwengu. Hapana mtaa wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, usiokuwa na khabari kama hizi. Zamani zilipita barazani kwa kinywa. Leo zinapita kwa simu, na kabla ya swala ya Isha zimekwisha fika Maskati na London.

Nasi katika khabari hizi tumekuwa makundi mawili. Kundi moja husadiki kila lisemwalo, hata likamwogopa jirani na kumchukia jamaa. Kundi la pili, na wengi wao ni vijana waliosoma skuli, hucheka kila lisemwalo, na baadhi yao hufika hata kukanusha kuwako kwa majini, nalo ni jambo lililomo katika Qur'ani. Makundi yote mawili yameiacha njia. Njia ya katikati ndiyo tunayotaka kuieleza hapa kwa msaada wa Mola, nasi tumeligawa somo mafungu sita.

FASLU YA KWANZA: Yaliyo wajibu kusadikiwa na yasiyokuwa wajibu

Fahamu, ndugu yangu, ya kuwa majini ni viumbe vya Mwenyezi Mungu walio na akili na taklifu kama sisi. Wametajwa katika Kitabu mara nyingi, na sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Mwenye kuwakanusha amekanusha Kitabu. Kadhalika sihiri imetajwa, na kijicho kimetajwa katika Hadithi zilizo sahihi. Haya hayana khitilafu kwa Ahlu Sunna.

Lakini kusadiki kuwa jambo lipo ni mlango mmoja, na kusadiki kuwa limetokea kwa fulani, usiku fulani, ni mlango mwingine. Mtu anayesadiki kuwa duniani wamo wezi halazimiki kusadiki ya kuwa jirani yake ameiba. Aambiwapo hivyo, huuliza: ni nani aliyemwona? Na kwa khabari za majini vivyo hivyo.

Mtazame Imamu wetu Shafii, Mungu amrehemu, aliyefariki Misri mwaka wa 204 wa Hijra. Al-Bayhaqi amepokea katika kitabu chake cha sifa za Imamu ya kuwa mtu akidai kuwaona majini, Imamu huukataa ushahidi wake, isipokuwa awe Nabii. Na hoja yake ni aya ya 27 ya Suratul Aaraf, inayotujulisha ya kuwa Shetani na jamaa zake wanatuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Wanavyuoni wamelieleza neno hili kuwa makusudio yake ni yule anayedai kuwaona katika umbo lao la asili. Basi angalia: Imamu hakukanusha majini, bali amekataa kuichukua kauli ya kila mdai. Hii ndiyo njia ya katikati tuliyoitaja.

Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Jabir, radhi za Mungu ziwe juu yake, ya kuwa Mtume, sala na salamu zimshukie, amelikanusha "ghul", nalo ni zimwi ambalo Waarabu walisema huwatokea wasafiri jangwani, hubadilisha maumbo, likawapoteza njia na kuwaangamiza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, ameeleza katika sherehe yake ya kuwa wanavyuoni wengi wameona kuwa zimwi hilo limebatilishwa kabisa, na wengine wakasema kuwa kilichobatilishwa ni yale madai ya Waarabu ya kugeukageuka kwake na kuangamiza kwake. Kauli zote mbili zinakutana mahali pamoja: kwamba watu walikuwa na kisa cha kutisha, na Sharia haikukiacha kisa kile kiwatawale.

Kubwa kuliko yote ni khabari ya kupatwa kwa jua. Siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Kisa kile kilikuwa kizuri, na kilimtukuza Mtume na nyumba yake. Lau angenyamaza tu, kingaliandikwa na kusimuliwa hata leo. Lakini yeye, naye yumo katika huzuni ya kumzika mwanawe, alisimama akawajulisha watu ya kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Basi ikiwa hakuikubali ajabu isiyo ya kweli iliyokuwa ikimtukuza, sisi tutapata wapi ruhusa ya kuikubali ajabu isiyo ya kweli inayomdhuru Muislamu?

FASLU YA PILI: Je, yafaa kuzikusanya na kuzisoma khabari hizi?

Mtu akiuliza: Kama khabari hizi nyingi zake ni za uongo, kuna faida gani kuzisoma? Si bora kuziacha zife?

Jawabu: Khabari hizi hazifi kwa kuachwa. Zinakufa kwa kujulikana asili yake. Tabibu husoma maradhi, wala hatuambii kuwa anayapenda. Wanavyuoni wetu wa kale hawakuona haya kuzikusanya. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka wa 255 wa Hijra, amezitaja katika kitabu chake cha wanyama khabari za mazimwi ya Mabedui. Hakuishia kuzitaja, bali ameonyesha ya kuwa mtu akikaa peke yake katika nchi tupu, kwa muda mrefu, bila wa kusema naye, moyo wake huanza kumwonyesha visivyokuwako. Naye akirudi kwa watu husimulia, na wasikilizaji wake wakishangaa huzidisha. Al-Masudi naye, aliyeandika Muruj al-Dhahab, ameweka mlango wa khabari za mazimwi na sauti zisizo na mwenyewe. Na huyu ndiye aliyesafiri hata bahari yetu hii akafika Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanaona kuwa ni Pemba.

Na katika sisi wenyewe alikuwako Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika desturi za Waswahili, pamoja na habari za pepo na uganga na ngoma zao, katika kitabu kilichotolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Kwa kitabu kile leo tunajua babu zetu waliogopa nini, na tunaweza kupima ni lipi limebaki na ni lipi limekwisha. Hata neno "khurafa", ambalo sisi twalitumia kwa kila jambo la upuuzi, wenye lugha ya Kiarabu husema asili yake ni jina la mtu: mtu wa kabila la Udhra aliyesema kuwa alichukuliwa na majini, akarudi na visa vyake, na watu wasimsadiki.

Basi kusoma si kusadiki, na kusimulia kwa ajili ya kufundisha si kueneza. Lakini yataka mwenye kusoma awe na mizani mkononi, nasi tutaitaja.

FASLU YA TATU: Khabari ya Popobawa

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1995 khofu kubwa iliingia kisiwa cha Pemba, kisha ikavuka Unguja, na baadaye ikafika mrima. Watu walisema kuwa kuna shetani aitwaye Popobawa, kwa kivuli chake kilicho mfano wa bawa la popo. Ilisemwa kuwa huwaingilia watu nyumbani usiku, wanaume kwa wanawake, huwakandamiza na kuwavunjia heshima kwa namna ambayo kalamu yaona haya kuiandika. Na ikasemwa zaidi: aliyefikwa ni lazima awaambie wenziwe, asipowaambia atarudiwa. Watu wakahama vyumba wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa, kila mmoja akimlinda mwenzake. Wazee walikumbuka kuwa jina lile lilikuwa limesikika Pemba miaka mingi nyuma, baada ya mapinduzi ya 1964. Na baada ya mwaka ule lilisikika tena. Mwaka 2007 lilifika Dar es Salaam.

Mwaka ule wa 1995 ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, uliofanyika Oktoba. Nyoyo za watu zilikuwa na wasiwasi, na haikukawia watu wa upande huu wakasema kuwa shetani ameletwa na watu wa upande ule. Mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Martin Walsh ameandika katika makala yake ya mwaka 2009 namna maelezo ya watu juu ya khofu ile yalivyogeuka yakaingia katika siasa. Na mtaalamu mmoja wa lugha, Katrina Daly Thompson, alitoa kitabu mwaka 2017 akaonyesha ya kuwa waandishi wa nchi za mbali walikichukua kisa hiki wakakifanya kichekesho juu yetu, bila kufahamu watu wenyewe walikuwa wakisema nini na kwa nini.

Lakini jambo lililo zito kuliko hayo yote ni hili: mwaka huo huo, katika Unguja, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, na watu wakamwua. Mtu ambaye Sharia imemwondolea kalamu, asiyeandikiwa dhambi, ameuawa na watu wanaoswali, kwa kisa ambacho hapana aliyekuwa na ushahidi wake.

Nami mwenye kuandika haya sina budi kuyasema yangu, kwa kuwa mwalimu akificha kosa lake somo lake huwa pungufu. Nilikuwa kijana mwaka ule, msaidizi wa mwalimu katika chuo cha mtaa mmoja wa Ng'ambo. Usiku tulilala nje, wanaume barazani na mbele ya moto, wanawake na watoto upande wa ndani wa uwanja, na nyiradi zikisomwa. Usiku mmoja mzee wetu, aliyekuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, alisema: "Wanangu, kila mmoja na aseme alichokiona kwa macho yake. Alichosikia na akiache."

Tulikuwa watu kumi na saba. Wa kwanza akasema ameambiwa na shemeji yake. Wa pili, ameambiwa na mchuuzi wa samaki. Ilipofika zamu yangu nikasema nimeambiwa na kinyozi. Hapakupatikana aliyeona, isipokuwa kijana mmoja tu, naye alisema kuwa usiku mmoja aliamka akahisi amekaliwa kifuani, akataka kupiga kelele asiweze. Khabari ya kijana huyu tutairudia. Asubuhi nikaenda kwa kinyozi nikamwuliza: umepata kwa nani? Akasema: kwa mteja, utingo wa gari ya shamba. Nikamfuata utingo, naye akasema: nimesikia garini, sikumtazama aliyesema. Isnadi ikakatika pale, garini, kwa mtu asiyejulikana jina wala uso.

Hapo ndipo ningalifahamu, lakini sikufahamu. Juma lile lile niliwasimulia wanafunzi wangu ya kuwa shetani huyu mchana hugeuka mtu, akakaa na watu. Sikumtaja mtu. Lakini katika mtaa wetu alikuwako mzee mmoja mshona kofia, mgeni, akikaa peke yake, na kwa uzee wake akiamka usiku mara kwa mara kwenda kutia udhu. Watoto walimtafuta yule mtu niliyewasimulia, wakampata yeye. Wakawa wakimtupia mawe juu ya bati lake. Usiku wa tatu jiwe moja lilimpata kwenye paji la uso, naye anatoka kwenda msikitini alfajiri.

Mchana wake alikuja chuoni, kitambaa kimefungwa kichwani. Akatoa salamu, akakaa ukingoni mwa jamvi, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ni nani aliyewafundisha watoto hawa kuwa mimi ni shetani?" Sikupata la kumjibu. Mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, akainua kidole akanionyesha mimi.

Nikaomba radhi. Yule mzee akasema: "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini hawa nani atawaambia?" Basi nikasimama mbele ya watoto nikasema: Niliyowaambia sikuyaona wala sikuyahakikisha, nami nimekosa. Na hivi ndivyo fikihi yetu inavyotaka. Aliyemzulia mtu au aliyemsababishia tuhuma haimtoshi kusema astaghfirullah faraghani. Ni juu yake kumwendea aliyemdhulumu amwombe radhi, na kuikanusha kauli yake mbele ya wale aliowasikilizisha. Lau jiwe lile lingalikuwa kubwa zaidi, au mkono ulioshika ungalikuwa wa mtu mzima, leo ningalikuwa na damu ya Muislamu shingoni mwangu, na mimi sikuokota hata kokoto.

FASLU YA NNE: Khabari ya jinamizi

Sasa tumrudie yule kijana aliyekaliwa kifuani. Je, alisema uongo? Hakusema uongo. Jambo lililomfika lina jina katika lugha yetu tangu zamani: ni jinamizi. Waarabu huliita kabusi au jathumu. Waturuki wanalo jina lake, Wajapani wanalo, na watu wa kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, husema ni ajuza anayekuja usiku kuwakalia watu. Mtaalamu wa Kimarekani David Hufford aliwakusanya wale waliofikwa na jambo hilo akaandika kitabu mwaka 1982. Akaona ya kuwa watu waliokuwa hawajapata kusikia kisa chochote walieleza mambo yale yale: mtu yu macho, hawezi kutikisika, ana uzito kifuani, na anahisi kuwa kuna mtu chumbani.

Matabibu wameeleza sababu yake. Mtu anapoota, Mwenyezi Mungu kwa hikima yake huvilegeza viungo vyake, asije akainuka akatenda yale ayaotayo. Pengine akili huamka kabla viungo havijafunguliwa. Basi mtu huona chumba chake kweli, lakini mabaki ya ndoto yangali mbele ya macho yake, na mwili haumtii. Hali hiyo hudumu kwa nukta chache au dakika chache, kisha huondoka. Humpata zaidi aliyelala chali, na aliyekosa usingizi wa kutosha, na aliye na wasiwasi. Wala ilimu hii si ya Wazungu peke yao: Ibn Sina ameuweka mlango wa kabusi katika Qanuni yake pamoja na maradhi ya kichwa, zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Ukiyafahamu haya utaona namna khofu inavyojizaa yenyewe. Watu wamesikia khabari, wakaogopa. Walipoogopa hawakulala. Walipokosa usingizi, jinamizi likawapata wengi. Aliyepatwa, badala ya kusema kama babu yake, "Nimepatwa na jinamizi", akasema, "Popobawa amenijia". Na kisa kilikuwa kimekwisha mwambia ya kuwa asiposema atarudiwa, basi akasema, na kumi wakasikia, nao wakakosa usingizi. Kilichomfika kilikuwa kweli. Jina alilolipa ndilo lililotoka barazani.

Wala hatusemi ya kuwa Shetani hana sehemu katika kuwatisha watu usingizini. Ndoto mbaya zina fungu lake, na Sunna imetufundisha adabu zake: kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema mate mepesi upande wa kushoto, kugeuka ubavu, na kutomsimulia mtu. Zingatia hili la mwisho. Kisa cha Popobawa kinaamrisha: simulia usije ukarudiwa. Sunna ya Mtume wako inaamrisha: usisimulie, haitakudhuru. Ni ipi utakayoifuata?

FASLU YA TANO: Waraka wa Sheikh Ahmad

Amri hii ya "simulia, la sivyo utapata madhara" si ngeni pwani kwetu. Kuna waraka ambao kila mwenye umri wa miaka hamsini amepata kuuona, umeandikwa kwa mkono au umepigwa chapa, na leo uko katika simu. Husemwa kuwa umetoka kwa mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, aliyemwota Mtume akimpa khabari ya wingi wa Waislamu wanaokufa katika hali mbaya, na ya kuwa Kiama ki karibu. Mwishoni huahidi: mwenye kuunakili na kuupeleka kwa wengine atalipiwa deni na kutimiziwa haja, mwenye kuuzuia atafikwa na msiba.

Mwaka 1908 nakala zake zilienea katika pwani iliyokuwa chini ya Wadachi, na khasa upande wa Lindi. Watu wakajaa misikitini. Wakubwa wa Kidachi wakaingiwa na khofu wakadhani ni mwanzo wa vita, kwani vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907 vilikuwa havijasahauliwa. Basi karatasi moja isiyo na mwenyewe iliwatisha watawaliwa na watawala pamoja.

Wanavyuoni wameukanusha tangu zamani. Sheikh Rashid Rida wa Misri ameukanusha katika jarida lake la Al-Manar, na baadaye Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia akaandika risala khasa ya kuubatilisha. Hoja ni nyepesi kufahamika. Mlinzi yule haonekani kuzeeka wala kufa: babu zetu walipata ndoto yake, na wajukuu wetu wanaipata, naye angali Sheikh Ahmad yule yule. Idadi za waliokufa hubadilika toka nakala hata nakala. Na kubwa zaidi, waraka unaweka thawabu na adhabu juu ya kunakili karatasi, na thawabu na adhabu haziwekwi ila na Mwenye Sharia. Wala dini haiongezwi kwa ndoto baada ya kukamilika.

Mtu akisema: Lakini waraka huu unawahimiza watu kuswali, una ubaya gani? Jawabu yake: Aliyeswali kwa kuogopa karatasi ataacha kuswali siku atakayoijua karatasi kuwa ni ya uongo. Na kumzulia Mtume uongo ni katika madhambi makubwa, hata kama mzushi alikusudia kheri.

FASLU YA SITA: Mizani yenyewe

Sasa, ndugu msomaji, ikikufikia khabari ya ajabu, kwa kinywa au kwa simu, ipime kwa mambo matano kabla hujaipitisha kwa mwingine.

La kwanza: Ni nani aliyeona? Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Ifuate isnadi nyuma, mtu kwa mtu. Ikikatika kwa asiyejulikana, iache palipokatika.

La pili: Aliyeona, ameona nini khasa? Tenganisha alichokihisi na jina alilokipa. Uzito kifuani ni kuhisi. Popobawa ni jina.

La tatu: Je, khabari yenyewe inaamrisha kuenezwa? Ikiwa inakuahidi baraka kwa kuipeleka au kukutisha kwa kuizuia, basi hiyo ni alama ya uzushi.

La nne: Ni nani anayefaidi? Tazama kama nyuma yake hapana muuza hirizi, au mganga, au mtafuta kura.

La tano, nalo ndilo zito: Ni nani atakayedhurika? Kanuni ya fikihi yasema kuwa yakini haiondolewi na shaka. Usalama wa damu ya jirani yako na heshima yake ni yakini. Kisa cha usiku ni shaka. Usiondoe kile kwa hiki.

Hili la tano si la zamani tu. Katika nchi ya Kilifi, katika miaka yetu hii, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombewa na warithi. Katika Tanzania bara, khasa kandokando ya Ziwa Viktoria, tangu mwaka 2007 hivi, watu wenye ulemavu wa ngozi waliwindwa na kuuawa kwa kuwa waganga walisema viungo vyao huleta mali. Hata serikali Januari 2015 ikatangaza kuwazuia waganga wa aina hiyo. Kila damu katika hizo ilianza kwa maneno.

Mtu akiuliza: Je, nikimwendea mganga akanitajia jina la aliyenifanyia ubaya, niifanye nini kauli yake? Jawabu: Kwanza hukupasiwa kumwendea, kwani imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo haikubaliwi swala yake siku arubaini. Ama kauli yake si ushahidi mbele ya kadhi wala mbele ya Mwenyezi Mungu. Jina alilokutajia ni la Muislamu mwenzio. Usilitamke, wala usilifiche moyoni likawa chuki.

Na mtu akiuliza: Mwanangu anaamka usiku akilia kwa khofu, nimfanyie nini? Jawabu: Msomee Ayatul Kursi na Sura za kujikinga, mlaze kwa ubavu wa kulia, usimsimulie visa vya kutisha kabla ya kulala, na khofu ikizidi mpeleke kwa tabibu. Kusoma na kutibu havigombani.

KHATIMA

Muhtasari wa maneno yetu ni huu. Majini ni kweli, na mwenye kuyakanusha amepotea. Lakini si kila kelele ya usiku ni jini, na si kila msimulizi ni shahidi. Visa vya wazee wetu na tuviandike na tuvisome, kwani ndani yake mna lugha yetu, na mna khofu zetu za kweli: khofu ya njaa, khofu ya mtawala, khofu ya mgeni. Mwenye kuvisoma hivyo hufaidika. Ama mwenye kuvipokea kama wahyi, huyo amempa barazani daraja ambayo Imamu Shafii hakumpa mtu yeyote ila Nabii.

Na wewe mwalimu mwenzangu wa chuo, nakuusia khasa. Mtoto hapokei neno lako kama apokeavyo neno la kinyozi. Ukimwambia shetani yuko mtaani, atatoka akamtafute. Yule mzee mshona kofia alikufa miaka kadhaa baada ya mwaka ule, nami nilikuwa katika waliochukua jeneza lake. Kofia aliyonishonea, baada ya yote yale, ningali nayo. Nikiivaa ninapoingia darasani huwa ukumbusho wangu wa kuuchunga ulimi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke, na azihifadhi ndimi zetu na damu za ndugu zetu. Amin. Wa billahi tawfiq.